Msimamizi si Mwenye Mali

Kwa muda wa miaka tisa nyumba ya marehemu baba yangu iliandikwa kwa jina langu, ilhali haikuwa yangu. Sikuiiba. Hakuna ndugu aliyenilalamikia, wala sikuwahi kumdai mpangaji shilingi moja nikaitia mfukoni. Hata hivyo, kama ningefariki katika miaka hiyo tisa, mama yangu mdogo, mjane wa baba, angekuta nyumba anayoishi imo katika mirathi yangu, na wanangu wangeirithi kwa haki zote za maandishi. Mhadhiri wa chuo kikuu, mtu anayelipwa mshahara kwa kusoma na kuandika, alifanya hivyo kwa kutojua. Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka maktabani kutafuta cheo hiki cha msimamizi wa mirathi kilitoka wapi, na kwa nini tunakitoa kwa watu bila ya kuwaambia kina mzigo gani.

Baba alifariki mwaka 2009 katika mji mdogo wa kaskazini-mashariki. Aliacha nyumba, shamba la michungwa, akiba kidogo benki na deni la duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya kuanua matanga baba mkubwa alisimama mbele ya ukoo akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Utasimama badala yake." Nikapewa muhtasari wa kikao, nikaambatanisha cheti cha kifo, nikajaza fomu katika mahakama ya mwanzo. Tangazo likabandikwa ubaoni. Muda wake ulipokwisha bila ya pingamizi nikakabidhiwa barua ya uteuzi yenye muhuri. Karani akanipa mkono wa pole na hongera kwa pamoja. Mazungumzo yetu yaliishia hapo. Baadaye, katika ofisi nyingine nisiyotaka kuitaja, nikaelezwa kwamba kuhamisha nyumba moja kwa moja kwa jina langu kungepunguza usumbufu. Nikakubali, nikashukuru.

Lugha yetu yenyewe haisaidii sana. Msimamizi ni yule anayezunguka katika chumba cha mtihani kuhakikisha wanafunzi hawanakili. Msimamizi ni yule anayemsindikiza bwana harusi kanisani. Ndugu wa dhana hiyo, mdhamini, ana bahati mbaya zaidi: leo anamtoa mtu rumande, kesho anailipia timu ya mpira jezi, na kesho kutwa jina lake limo katika bodi ya wadhamini ya msikiti au shule, na pengine yeye mwenyewe hajui ni katika maana ipi kati ya hizo amekubali kuitwa hivyo.

Pwani walikuwa na neno bora zaidi, nalo ni wasii. Wasii ni yule aliyekabidhiwa wosia, na pamoja na neno hilo kulikuwapo utaratibu mzima wa kumwongoza. Gharama za maziko hutangulia, yakafuata madeni, ukafuata wosia usiozidi theluthi moja ya mali kwa wasiokuwa warithi, kisha mafungu ya warithi kama yalivyowekwa na sharia. Hesabu za mafungu hayo zina elimu yake, na asiyeijua alikwenda kwa kadhi. Kadhi alikuwa hakimu, lakini alikuwa pia mshauri wa kwanza wa wasii. Mtu aliyekabidhiwa mali ya mayatima katika Mombasa, Lamu au Unguja ya karne ya 19 alikuwa na mlango wa kubisha kabla hajakosea.

Sina nia ya kuipamba picha hiyo. Wapo mawasii waliodhulumu, na wapo makadhi waliofumba macho. Ninalosisitiza ni kwamba wajibu na ushauri vilikaa katika mtaa mmoja. Hali ilianza kubadilika pale maamuzi ya mwisho yalipohamia kwingine. Mfano mzuri ni wakfu. Matajiri wa pwani waliweka wakfu nyumba, visima na mashamba ya mikarafuu, mara nyingi kwa manufaa ya kizazi chao, na kizazi kikikatika, kwa maskini au msikiti. Msimamizi wa wakfu alijua kazi yake: kukarabati, kukusanya kodi, kugawa. Mwaka 1905 serikali ya Zanzibar, chini ya himaya ya Uingereza, iliweka kamisheni ya kusimamia mali hizo. Lakini jambo zito zaidi lilikwisha kutokea mbali. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la London, likiamua kesi kutoka Bengali, lilitamka kwamba wakfu wa kunufaisha familia, ambamo fungu la maskini liko mbali mno kiasi cha kuwa jina tu, ni batili.

Waislamu wa Bara Hindi walipiga kelele, na mwaka 1913 Muhammad Ali Jinnah alifanikisha sheria ya kuzihalalisha tena wakfu za aina hiyo. Sheria hiyo ilikuwa ya India. Huku kwetu hukumu ya 1894 ilibaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi iliyotoka Mombasa ilifika mbele ya Baraza lile lile, na wazee wale wa London wakashikilia kwamba msimamo wao unabana Kenya pia, hata kama wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii hapa pwani wanafahamu vinginevyo. Ilibidi watunga sheria wa Zanzibar na Kenya watoe sheria zao ili kuziokoa wakfu za familia. Fikiria hali ya msimamizi wa wakfu katika miaka hiyo. Kadhi wake anamwambia mali hii ni wakfu na ni haramu kuuzwa. Wakili wake anamwambia ni mirathi ya kawaida na warithi wanaweza kuigawana. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja katika sheria yake.

Bara mambo yalikuwa na sura nyingine. Huko aliyesimamia mali ya marehemu alitoka katika ukoo, aghalabu kaka wa marehemu au mtoto wa kiume wa kwanza, na ukoo huo huo ndio uliomhoji. Hapakuwa na hesabu za maandishi, lakini palikuwa na macho. Ng'ombe aliyeuzwa alijulikana. Shamba lililokodishwa lilipitiwa na njia ya kila mtu. Macho hayo, nikiri, hayakuwa ya haki kwa wote: mjane na binti mara nyingi walihesabiwa upande wa vinavyogawiwa badala ya upande wa wanaogawiwa. Ila kwa wale ambao ukoo uliwatambua, msimamizi aliyekula mali aliishi nao, akakutana nao kisimani.

Kisha ikaja sheria kutoka Uingereza kupitia Bombay. Waingereza walipoanza kuitawala Tanganyika kisheria mwaka 1920, waliiletea sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pamoja na fungu la sheria za India zilizokwisha kujaribiwa huko. Miongoni mwake ilikuwamo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. India yenyewe iliiweka kando mwaka 1925 ilipoandika sheria mpya. Sisi wa Tanzania Bara tumeendelea nayo. Familia ya Kikristo ya Dar es Salaam ambayo mahakama imeridhika kwamba imeachana na mila za ukoo inagawana mali yake, mpaka leo, kwa kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya raia wa himaya ya Malkia Victoria. Wanafunzi wangu hudhani nawatania ninapowaambia hivyo.

Katika mfumo huo msimamizi ni mtu wa namna ya pekee. Sheria inamvika mali yote ya marehemu kana kwamba ni yake, ili aweze kudai madeni, kushitaki na kushitakiwa, kufungua na kufunga akaunti. Papo hapo inamkataza kuifaidi. Ana mikono ya mwenye mali, na tumbo la mgeni. Wazo hilo ndilo pia uti wa mgongo wa udhamini, na Waingereza walilikuza kwa karne nyingi katika mahakama zao za insafu. Ni wazo la werevu mkubwa, lakini linamdai yule mtu ajue mipaka isiyoonekana kwa macho: asinunue mali ya mirathi kwa faida yake, asichanganye fedha zake na za marehemu, asimlipe mrithi kabla ya mdai, atunze kila stakabadhi. Huko lilikotoka, wazo hilo lilikuja na wakili wake. Wosia uliandikwa na wakili, ukafunguliwa na wakili, na msimamizi alishikwa mkono mpaka hesabu ya mwisho. Walowezi na wafanyabiashara wa Tanganyika walikuwa na huduma hiyo, na pasipokuwa na mtu wa kusimamia alikuwapo ofisa wa serikali ambaye kwa Kiswahili anaitwa Kabidhi Wasii Mkuu. Jina hilo lina utamu wake: neno la pwani limeazimwa ili kumpa jina ofisa wa Kiingereza. Mwafrika wa kawaida, yeye, aliachiwa mila yake na mahakama ya wenyeji.

Miaka ya uhuru ndiyo iliyofunga fundo hili. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaka taifa lisilokuwa na mahakama mbili, moja ya wenyeji na nyingine ya wageni, na nia hiyo nailinda mpaka leo. Mwaka 1963 Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliziunganisha. Mahakama za machifu zikaondoka, mahakama za maliwali na makadhi zikaondoka upande wa Bara, na mahakama ya mwanzo ikazaliwa. Mwaka huo huo mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziliandikwa na kutangazwa kama sheria. Kazi ya kukusanya mila hizo iliongozwa na Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya kikoloni, aliyefariki mwaka 1962 kabla ya kuyaona matunda yake yote. Tangazo hilo lilisema usimamizi wa mali ya marehemu umo mikononi mwa kaka yake mkubwa au baba yake, na wasipokuwapo, ndugu mwingine wa kiume atakayechaguliwa kwa msaada wa baraza la ukoo. Mjane hakupewa fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Hapa ndipo ninapoona kosa letu la kihistoria. Dola ilichukua kutoka kwa ukoo ule uwezo wa kuchagua, ikauacha ule uwezo wa kuhoji. Ndugu aliyechaguliwa alitoka kikaoni akaenda mahakamani, akarudi na karatasi yenye muhuri wa Jamhuri. Tangu siku hiyo baba mkubwa akimwuliza habari za ng'ombe anaweza kujibu, "Mimi nimeteuliwa na mahakama." Nayo mahakama, yenye mafaili mpaka darini, haimwulizi habari za ng'ombe.

Si kwamba sheria ilisahau. Kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, apeleke mahakamani orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu katika fomu namba 5, na baada ya hapo hesabu katika fomu namba 6 kwa vipindi ambavyo mahakama itavipanga. Katika mahakama za juu zaidi sheria inatoa miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Ni kanuni nzuri, fupi, zinazoeleweka. Mimi nilizisoma kwa mara ya kwanza mwaka 2018, miaka tisa baada ya kuteuliwa.

Nani angenisomea? Katika mahakama ya mwanzo, kwa miongo mingi, mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Sababu ilikuwa ya kiungwana: mkulima asishindwe na jirani yake kwa kuwa jirani ana fedha za kukodi ulimi. Kesi isikilizwe kwa Kiswahili, mbele ya hakimu na wazee wa baraza, mtu na mtu. Kwa ugomvi wa mbuzi waliokula mahindi, utaratibu huo ni bora kuliko ule wa wakili mwenye joho. Lakini usimamizi wa mirathi si ugomvi, ni kazi ya ofisi inayodumu miezi au miaka, na anayeifanya hahitaji wa kumtetea bali wa kumwelekeza. Tulipomfungia wakili mlango tulimfungia pia mshauri, na kadhi alikuwa amekwisha kuondolewa. Zuio hilo limelegezwa katika miaka ya karibuni, ila wakili anakwenda palipo na ada, na mirathi nyingi za mahakama ya mwanzo hazina cha kumlipa.

Najua nitajibiwa kwamba msaada wa kisheria upo. Upo, na una historia ya kujivunia. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kamati yake ya msaada wa kisheria mwaka 1969. Baada ya Hati ya Haki kuingizwa katika Katiba mwaka 1984, wanasheria wanawake walijiunga katika vyama, na mirathi ikawa mkate wao wa kila siku. Ndipo tukapata hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua, iliyotolewa Mwanza mwaka 1990 na Jaji James Mwalusanya: binti wa Kihaya aliyerithi ardhi kwa baba yake alikuwa na haki ya kuiuza kama mwanamume, mila iseme isemavyo. Ndipo pia wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa katika nyumba walizoishi na waume zao, walipopigana mpaka Mahakama ya Rufani, wakashindwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika hati, wakaenda mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema Tanzania imevunja haki zao. Mwaka 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, ikawatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini na mitaani.

Ukizitazama juhudi hizo zote kwa pamoja utaona zina mteja mmoja: aliyekwisha kudhulumiwa. Msimamizi anaonekana ndani yake kama mshitakiwa. Ni haki, maana wengi wao ni wadhulumaji kweli, na wala simwombei huruma shemeji anayebomoa mlango wa mjane. Lakini upo umati mwingine, nami nimo, wa wasimamizi wasiokuwa na hila, waliochaguliwa kwa kuwa wamesoma, au wana gari, au wanaishi mjini. Hawa huharibu polepole. Huuza kiwanja kulipia ada ya mdogo wao bila ya kuandika popote. Hugawa fedha za benki kabla ya kumlipa mwenye duka. Huacha ofisi iandike jina lao mahali pa jina la marehemu. Miaka ikipita, kutojua kwao hufanana kabisa na wizi, na wanapokufa hakuna awezaye kutofautisha. Saa moja ya ushauri siku ile ya kupokea barua ya uteuzi ingetuokoa wengi. Tangu mwaka 2006 kazi za Kabidhi Wasii Mkuu zimo ndani ya wakala wa serikali uitwao RITA, ambao pia hutunza wosia na kusajili bodi za wadhamini. Sioni kwa nini ushauri huo usifike katika kila mahakama ya mwanzo, kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili na mtu wa kuusoma kwa sauti. Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, yenye wajibu huo. Inalalamikiwa, kama ofisi zote, lakini angalau mwananchi anajua mlango wa kubisha.

Mimi niliamshwa na ugonjwa. Mwaka 2018 nililazwa kwa upasuaji, na usiku mmoja nikiwa macho nilianza kuhesabu nilicho nacho, kama wafanyavyo wagonjwa. Nikaihesabu nyumba ya baba. Sikushtuka mara moja, na jambo hilo ndilo linalonitisha zaidi hadi leo. Baada ya kitambo nikajiuliza mke wangu angejuaje kwamba si yetu.

Nilipotoka hospitali nilikwenda kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni wakili. Hakunicheka. Aliomba stakabadhi za shamba. Sikuwa nazo. Aliuliza deni la duka lililipwa lini na kwa fedha zipi. Nilijua lililipwa, sikujua kwa zipi. Tulikaa Jumamosi nne tukiunganisha kumbukumbu zangu, za dada yangu na za mama mdogo, ambaye kumbe alikuwa ameandika mavuno ya michungwa ya kila msimu katika daftari la shule, kwa penseli, tangu mwaka ule wa msiba. Daftari hilo ndilo lililokuwa ushahidi wa pekee wa maana katika hesabu nzima.

Nilirudi katika mahakama ile ile na maombi ya kuongezewa muda. Karani alikuwa mwingine, kijana. Hakimu alisoma fomu namba 5, akaangalia tarehe ya uteuzi wangu, akaiangalia tena ile ya siku hiyo, akauliza kama nilikuwa nje ya nchi. Nikamjibu kwamba nilikuwapo. Warithi waliitwa, kila mmoja akasema mbele yake kwamba ameikubali hesabu. Mama mdogo alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema msimu wa mwaka 2013 umeandikwa pungufu, magunia sita hayamo. Tukayaongeza kwa kalamu, nikatia saini pembeni.

Uhamisho wa nyumba ulichukua miezi mingine kumi na minne.